Siku Kumi na Moja za Bukoba

Campbelltown, 3 Machi 2025

Mwalimu Erasmus,

Shikamoo. Natumaini nyonga inapona na binti yako Joyceline ameanza kukuruhusu utembee bila kile kigari cha kujishikilia. Sisi hatujambo. Mwanangu Kubwimana bado ananijibu kwa Kiingereza kila nikimsemesha Kiswahili, donc, basi, zile Jumamosi zote ulizomfundisha kwenye maktaba ya Parramatta zimekaa kichwani, hazijashuka mdomoni.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huisikii, na ujumbe wa simu ulisema ni maneno yaliyokatwa mikia. Bon. Nina jambo.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, yuko bibi mmoja anaitwa Vanessa. Ana miaka sabini na sita. Ni Mmarekani wa kuzaliwa, lakini amekaa Sydney tangu usichana. Moyo wake umechoka na daktari amesema hawatampasua tena. Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu yake nikakuta kitabu chembamba, karatasi za njano, kimebanwa kwa pini mbili zenye kutu. Kwenye jalada imeandikwa kwa Kiswahili: "Kimechapwa Bukoba, 1963." Mwalimu, nilipiga kelele. Nikamwambia, "Bibi, hii ni lugha yangu!" Akanitazama, akasema, "Miaka miwili unaniogesha, leo ndiyo unaniambia?"

Ni mashairi ya mama yake, kwa Kiingereza. Mama aliitwa Leota Brandvold. Wewe ni mtu wa Bukoba na umefundisha Kiingereza maisha yako yote. Umeshawahi kusikia jina hilo? Nakuuliza kwa ruhusa yake mwenyewe, maana kazini tumekatazwa kutoa habari za wazee nje. Kitabu yake anaishika kama mtu ameshika yai.

Wako,
Elvire


Rooty Hill, 8 Machi 2025

Mwanangu Elvire,

Marahaba. Nyonga inapona, ila Joyceline ananilinda kama askari wa benki. Kwanza: ni "kitabu chake anakishika". Barua yako nairudisha humu ndani ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, kama tulivyokubaliana. Umepata saba na nusu kwa kumi. Unapanda.

Pili: nilipolisoma lile jina ilibidi nikae chini, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa tayari.

Leota Brandvold alikuwa mwalimu wangu. Acha nikueleze taratibu, ili nawe umweleze binti yake.

Alizaliwa mwaka 1924 kwenye shamba la ngano huko North Dakota, jimbo la Marekani lililo tambarare kiasi kwamba, alivyotuambia, ukimwona mgeni anakuja unapata muda wa kupika kabla hajafika. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kwenye swichibodi ya simu ya mji mdogo. Zamani hizo simu haikujiunganisha yenyewe. Ulinyanyua mkono wa simu, ukamwambia mhudumu unamtaka nani, naye akachomeka waya kwenye tundu linalohusika. Mhudumu aliweza kusikia kila kitu: nani kazaa, nani kafa, nani kauza ng'ombe mgonjwa kwa jirani. Sheria ya kazi ilikuwa moja, sikia yote na usirudie hata neno. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili, na mashairi yake aliyaandika nyuma ya vikaratasi vya kuorodhesha simu, kati ya mwito mmoja na mwingine. Ndiyo sababu hakuna shairi lake linalozidi mistari kumi na miwili. "Wa kumi na tatu," alituambia, "kengele ingelia."

Mwaka 1953 alitoa kitabu kimoja, nakala mia tatu, jina lake kwa Kiswahili ni kama *Subiri, Nakuunganisha*. Gazeti moja lilikisifu kwa aya mbili. Jingine lilisema haya ni mashairi ya mhudumu wa simu, likadhani limemtukana. Baada ya hapo wakubwa wa mashairi wa kwao hawakumtaja tena, naye hakuwafuata. Lakini sikiliza hili, nalitafsiri kama ninavyolikumbuka:

Mjane wa shamba la nne ameniomba
nimpigie kila Jumapili saa tisa.
Hataki mtu. Anataka kengele.

Basi, limekwisha. Mimi nilikuwa nimelelewa na tenzi na vina, nikamwuliza darasani, "Mwalimu, vina viko wapi?" Akasema, "Vimetoka kidogo, vitarudi." Darasa zima lilicheka. Ilinichukua miaka kumi kuelewa kwamba alikuwa amenijibu kweli.

Alikuja Bukoba mwaka 1962 na mumewe, Bwana Carl, fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Binti yao mmoja, ndiye huyu Bibi Vanessa wako, walimwacha Marekani kwa bibi yake asome. Mwalimu alitufundisha Kiingereza katika sekondari ya wavulana ya misheni. Mwaka 1963 alitaka kukusanya mashairi mapya kumi na tisa, na hapakuwa na mchapishaji wa kumsubiri, ikawa kazi yangu. Nilikuwa kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba, na ni mimi peke yangu shuleni niliyejua kupiga taipu. Siku hizo ulichapa kwenye stensili, karatasi yenye nta. Herufi ilitoboa nta, wino ukapita kwenye matundu, mashine ikadurufu. Ukikosea ulipaka rangi ya waridi yenye harufu kali, ukangoja ikauke, ukachapa juu yake. Tulitoa nakala arobaini. Kila herufi iliyomo imepita kwenye vidole hivi.

Msalimie sana binti yake. Mwambie aanze na lile la mjane, na lile la mbwa wa kituo cha treni. La mwisho si lazima.

Mwalimu wako,
Erasmus Rwechungura


Campbelltown, 15 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Bibi Vanessa mara tatu, nikitafsiri polepole. La mjane lilimchekesha hadi akakohoa. Alisema, "Huyo ndiye mama kabisa, maneno ishirini halafu anaenda zake." Wakati wa chai alimtangazia kila mtu kwamba mwanafunzi wa mama yake yuko hai, na yuko Rooty Hill, mahali ambapo yeye amepita kwa treni miaka hamsini bila kushuka.

Halafu aliniomba nifunge mlango.

Mwalimu, shairi uliyosema si lazima, yeye ndiyo anayoitaka. Linaitwa *Siku Kumi na Moja*. Nimejaribu kulitafsiri, unisamehe:

Ulikuja na mvua, ukakaa siku kumi na moja.
Nyumba nzima ilijifunza kupumua kama wewe.
Sikulala. Nilikuwa nakutazama.
Ulipoondoka hukuchukua kitu,
nami sina jina la kukuitia.

Nakueleza alivyonieleza. Wazazi wake walihamia hapa Sydney kutoka Bukoba, naye akaungana nao mwaka 1965, ana miaka kumi na sita. Kitabu alikikuta kabatini mwaka 1972. Alilisoma hilo la mwisho, akaelewa kwamba huko Bukoba mama yake alikuwa na mwanamume. Jioni alimwuliza baba yake, "Nini kilitokea Bukoba?" Baba akainuka mezani, akatoka nje, akasimama bustanini hadi chakula kikapoa. Basi Bibi Vanessa akaona ameshajibiwa. Bibi Vanessa hakumwuliza mama yake kitu. Aliacha tu kumpenda, yaani alijilazimisha kuacha. Kila Krismasi alikwenda kumwona, akakaa saa moja, akaondoka. Ikawa hivyo miaka kumi na sita, mpaka mama akafa mwaka 1988. Siku ya mwisho walimpigia simu aende hospitali. Alikwenda kesho yake.

Sasa anasema hana hasira tena, amezeeka kuliko mama yake alivyozeeka. Anataka jina la yule mwanamume. Anasema, "Nataka nimsamehe mama yangu kabla sijafa, na siwezi kusamehe kitu ambacho hakina jina." Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unachapa. Alikuwa nani?

Elvire


Rooty Hill, 21 Machi 2025

Mwanangu Elvire,

Marahaba. Nimepata barua yako.

Ningependa ufahamu kwamba shairi si kiapo cha mahakamani. Mtu akiandika "wewe", huyo "wewe" anaweza kuwa mvua yenyewe, au mgeni, au ujana wake. Washairi wetu wa zamani waliimba juu ya jahazi wakiwa na maana ya mwanamke, na juu ya mwanamke wakiwa na maana ya dunia, na hakuna aliyewaandikia barua kuuliza anwani. Kuna jambo la heshima pia. Mwanafunzi hachungulii nyumbani kwa mwalimu wake.

Mwambie Bibi Vanessa neno moja tu, na amwamini mzee aliyelisema: hapakuwa na mwanamume. Mama yake alikuwa mke mwaminifu. Hilo linatosha, na kwa hali yake ya moyo yafaa apumzike nalo.

Huku mvua imenyesha siku nne. Joyceline anasalimu.

Erasmus Rwechungura


Campbelltown, 27 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo.

Nilimwambia. Alinipapasa mkono akasema, "Darling, mwanafunzi mwema hawezi kusema jingine. Hata mimi ningedanganya kwa ajili yake, kama ningekuwa nimempenda vizuri." Kisha akageukia ukutani.

Daktari alikuja Jumanne. Alisema wiki, hakusema miezi. Miguu imevimba na hali chakula.

Mwalimu, mimi ni mtoto kwako, lakini nitasema. Barua yako ya mwisho haikuwa na barua yangu ndani. Hukusahihisha kitu. Niliandika makusudi "shairi uliyosema" kwenye ile barua, kukuchokoza, na hukuona. Mtu ambaye hupunguza nusu alama kwa nukta iliyosahaulika! Nikajua ulikuwa unatazama pengine. Unajua kitu.

Nitakupa cha kwangu, labda kitakusaidia kutoa chako. Tulipokuwa kambini Kigoma, afisa wa kutuleta huku alimwuliza mama yangu, "Umezaa watoto wangapi?" Mama akasema sita. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nina miaka kumi na miwili. Nilijua ni saba. Nilimbeba yule wa saba mgongoni. Mpaka leo mama hajamtaja na mimi sijathubutu. Kila nikijaza fomu hapa Australia, ikiuliza ndugu, mkono wangu unasimama kidogo.

Sikuombi umdanganye. Nakuomba usimwache aende hivi.

Elvire


Rooty Hill, 31 Machi 2025

Mwanangu Elvire,

Barua hii Joyceline anaipeleka posta ya haraka. Isome kwanza peke yako, kisha msomee Bibi Vanessa, yote, usiruke kitu kwa kunionea haya.

Hapakuwa na mwanamume. Palikuwa na mtoto.

Mwezi Aprili mwaka 1963, mvua za masika zikiwa kubwa, Mwalimu Leota alijifungua mtoto wa kiume katika nyumba ya walimu pale misheni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Walikuwa hawajamwandikia binti yao kuhusu mimba, kwa hofu ya umri wake, wakapanga kumwandikia baada ya ubatizo. Mtoto aliishi siku kumi na moja. Homa ilimpata siku ya kumi. Tulimzika nyuma ya kanisa, wavulana tuliimba, na Padre alilitaja jina lake mara moja tu.

Miezi mitano baadaye alinipa mashairi kumi na tisa niyachape. La mwisho, alivyoliandika yeye, lilikwisha hivi:

Halvor, kigauni chako cha vifungo viwili
bado kiko kwenye kamba. Hakijaambiwa.

Hiyo ndiyo mistari yake. Ile ya "hukuchukua kitu" na "sina jina la kukuitia" si yake. Ni yangu.

Ngoja nieleze, maana bila maelezo nitaonekana mwizi, na kosa langu halikuwa la wizi. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa baba. Nyumbani kwake kulikuwa na mwiko: mtoto akifa kabla hajaota meno halii mtu hadharani, na jina lake halitajwi tena. Akitajwa, alisema bibi, anadhani anaitwa, anarudi kukaa mlangoni, na mwingine hawezi kupita. Tumbo la mama linafungwa. Mimi nilikuwa msomi wa kidato cha tatu, nilikuwa nasoma kemia, lakini mwiko ulioumeza pamoja na uji hautoki kwa kemia. Nilichapa "Halvor" kwenye stensili, nikaitazama, nikawaza: jina hili sasa litatoka mara arobaini. Mara arobaini litamwita. Mwalimu wangu hatazaa tena, na mkono uliomfunga ni huu.

Nikafungua kichupa cha rangi ya waridi. Nikapaka mistari yote miwili. Ilipokauka niliona nafasi imebaki tupu, na shairi limekatika shingo, nikatunga miwili ya kuijaza. Nilijitahidi. Nilikuwa namwiga yeye.

Aliiona mistari hiyo vitabu vikiwa vimeshabanwa. Alisoma ukurasa wa mwisho amesimama. Nilimweleza habari za bibi yangu. Akasema, "Bwana Carl naye anaona afadhali asitajwe. Ameniomba hivyo, nami nimemkubalia." Halafu akaniuliza kama ile miwili nimeitunga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni mizuri, Erasmus. Inauma mahali pengine." Mimi niliipokea kama sifa. Nimetembea na sifa hiyo miaka sitini na miwili, nimewahi hata kuwasimulia wanafunzi wangu.

Mtoto mwingine hakupata, kama unavyojua.

Uliponiletea ile tafsiri yako, niliisoma kwa macho ya msichana wa miaka ishirini na mitatu asiyejua lolote. Ulikuja, ukakaa siku kumi na moja, sikulala, sina jina. Ni kweli. Mtu yeyote angeona mwanamume. Kile kigauni ndicho kilichokuwa kinaeleza kila kitu, nami nilikifuta. Mwalimu wangu alifunzwa kusikia yote na kutorudia hata neno, mumewe akamwomba kimya, na mimi nikaondoa mahali pekee alipokuwa amejiruhusu kusema. Siku kumi zilizopita nilikuandikia mambo ya majahazi kwa sababu niliona aibu. Mzee wa miaka sabini na tisa anaona aibu kama wa kumi na saba, hilo nalo ujifunze.

Mwambie Bibi Vanessa hana cha kumsamehe mama yake. Kama anataka wa kumsamehe au kutomsamehe, yuko hapa, na anwani yake ipo nyuma ya bahasha.

Erasmus Rwechungura


Campbelltown, 6 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nilimsomea Jumatano. Nilipofika kwenye jina alinisimamisha, akaniomba nilirudie, halafu nilikaa naye mpaka shifti yangu ikaisha na nusu saa juu yake. Siku mbili hakutaka uji wala kuoshwa nywele, na mara moja alisema neno kuhusu wewe ambalo silitafsiri. Leo asubuhi aliniita niandike. Haya yanayofuata ni yake. Nimeandika kadiri alivyosema, ukisahihisha sahihisha mimi, usimsahihishe yeye.

Elvire

Mzee Erasmus,

Nilikukasirikia siku mbili. Nilikuwa nafikiri ingechukua zaidi, lakini sina siku za kuchezea.

Halvor ni jina la babu yangu, baba yake mama. Hapo ndipo nilipoamini. Mwanamke hampi mpenzi wake jina la baba yake.

Elvire anasema unaona aibu. Sikiliza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba ukataka kumlinda mama yangu. Mimi nilikuwa na ishirini na mitatu nikataka kumhukumu. Wewe uliharibu mistari miwili. Miaka kumi na sita niliiharibu mwenyewe, bila msaada wa mtu. Krismasi moja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Unajua mwenyewe." Nimelala hapa nauona ule uso wake. Nilidhani ni uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajui.

Sikuuliza, ndilo kosa langu. Nilikuwa na mdomo.

Kwa hiyo sasa nauliza. Nina miaka sabini na sita, na nimekuwa dada kwa siku nne. Sijui kazi hii inaanzia wapi. Naanza na kitu ambacho dada yeyote angekijua. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani ninayeweza kumwuliza. Ulimwona? Alikuwa analia vipi?

Vanessa


Rooty Hill, 8 Aprili 2025

Bibi Vanessa, binti wa mwalimu wangu,

Elvire amenionya nisichelewe na nisifundishe. Najaribu.

Nilimwona mara moja. Siku ya tisa, mama yako alikuwa amechoka kukaa ndani, na daktari wa misheni alikuwa hajamruhusu kutembea mpaka darasani, basi akaita darasa lije kwake. Tulikuwa wavulana ishirini na sita, tumekaa barazani kwa mistari, mvua inapiga bati, yeye kwenye kiti amejifunika shali ya kijani. Tulikuwa tunasoma insha. Mtoto akaanza kulia ndani.

Unauliza alilia vipi. Alianza chini, kama mtu anayesafisha koo, akapanda, akapanda, akafika juu akakaa huko mpaka pumzi ikamwishia. Kisha kimya. Sisi sote barazani tukashika pumzi kumngoja. Halafu akaanza upya, na nguvu zaidi ya mwanzo. Henry, aliyekaa nyuma yangu, akanong'ona, "Huyu atakuwa Padre, ana sauti ya misa kuu." Mama yako alimsikia. Alicheka hadi akajishika ubavu, akaingia ndani, na badala ya kumbembeleza huko akatoka naye.

Alimpitisha mbele yetu wote, mmoja mmoja, akitutajia jina lake, kama anavyorudisha madaftari. Mtoto alikuwa na nywele nyeupe kama pamba, chache, zimesimama. Ngumi zote mbili amezikunja. Uso mwekundu kwa hasira. Wenzangu walicheka, wengine waliogopa kumgusa, na yeye hakuacha kulia hata kidogo.

Mama yako alipofika kwangu alisimama. Sijui kwa nini kwangu, labda kwa sababu nilikuwa na daftari safi. Akainama, akamshusha karibu na uso wangu, akasema, "Mwite."

Nikamwita. Nikasema, "Halvor."

Akanyamaza. Alifungua macho, yalikuwa ya buluu iliyokolea, bado hayajui pa kutazama, akayazungusha mpaka yakanipata.

Mama yako akawageukia wale wavulana ishirini na watano, mvua ilikuwa kubwa ikabidi apaze sauti, akasema, "Mmeona? Anajua ni yeye."

Erasmus Rwechungura